Duma wa Kanama na Gunia la Nyani

Kando ya mto Sebeya, juu ya soko la Mahoko, vilima vya Kanama vilikuwa na kijiji cha wanyama waliolima viazi. Udongo wao ulikuwa mweusi, wa volkano, na ukipata mvua haukumnyima mtu. Taabu yao ilikuwa bei. Kiazi cha Kinigi kilichouzwa vizuri asubuhi kiliweza kuporomoka alasiri, malori ya Kigali yakishajaa. Aliyejua bei mapema alishusha magunia yake kwa wakati. Aliyechelewa kuijua aliuza kwa huruma ya madalali. Ndiyo maana kazi iliyoheshimiwa kuliko zote kijijini ilikuwa utarishi: kuteremka na swali, kupanda na jibu.

Tarishi wa kwanza alikuwa Punda, mali ya Mama Kanga, mjane mwenye vifaranga saba na shamba la mteremkoni. Punda hakuwa na mbio. Aliondoka saa kumi na mbili asubuhi na swali moja tu, akangoja zamu yake kwenye daraja la ubao mmoja, akafika kwenye mzani, akauliza, akajibiwa, akapanda tena. Saa sita mchana alikuwa uani na jibu lake: leo faranga kadhaa kwa kilo. Wengi walitamani afike mapema zaidi, na walikuwa na haki ya kutamani.

Fisi akaja kutoka Gisenyi, amefunga swala kwa kamba. Aliwaita wanyama kwenye uwanja wa mpira, siku kavu isiyo na wingu, akamfungua swala na kumwacha akimbie kutoka goli hadi goli. Mgongoni hakuwa na kitu. "Huyu ana kasi mara mbili ya Punda," Fisi akasema, na kweli alikuwa nayo. Mzee Chui, mkuu wa baraza, akatoa fedha za kijiji. Wiki ile ya kwanza jibu lilifika kabla ya saa nne. Wakulima wakashusha viazi, wakauza vizuri, wakamwombea Fisi heri.

Wiki ya tatu Nyani wa ofisi ya baraza waligundua kwamba Swala anarudi hajatoka jasho. Nyani hawakuwa wabaya. Walikuwa vijana wenye akili, wepesi wa mikono, na kila mmoja alitaka kazi yake ionekane. Mmoja akasema swali lisipelekwe tupu, litiwe katika bahasha yenye maua. Wa pili akaongeza kioo, ili apokeaye ajitazame anapojibu. Wa tatu akafunga ngoma ndogo ya kutangaza kwamba tarishi anakuja. Wa nne, aliyekuwa na shemeji muuza pombe ya ndizi, akatia vibuyu vitatu vya kuonjesha njiani. Wa tano akatia daftari nene la kuandika kila aliyeuliza bei, aliuliza saa ngapi, na alisimama kwa nani kabla ya kuuliza. Hakuna kati yao aliyetia kitu kizito katika gunia la tarishi. Na hakuna kati yao aliyewahi kulibeba gunia, kwa hiyo walivyoliona kutoka ofisini ni kama wahenga walivyosema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Baada ya miezi michache Swala akaanza kufika saa sita mchana.

Wakulima wakanung'unika. Fisi akasikia, akaja na Farasi. Uwanja uleule, siku kavu, mgongo mtupu, shangwe. Wiki kadhaa jibu likafika saa nne, kisha Nyani wakaona Farasi ana nafasi, na ilipofika masika jibu likawa linafika saa sita. Fisi akaja na Duma. Mnajua yaliyofuata.

Mwaka uliofuata Fisi hakuwa na mnyama mwenye mbio kuliko Duma, kwa maana hayupo duniani. Basi akaja na duma wanne kwa pamoja. "Wanne," akasema, "ni mara nne." Baraza likapiga makofi, ingawa swali lilikuwa moja, gunia lilikuwa moja, na daraja la Sebeya lilipitisha mnyama mmoja mmoja. Duma mmoja akabeba. Watatu wakalala kivulini wakila nyama ya kijiji.

Mwaka huohuo walinzi wa daraja walipewa amri mpya: gunia la sasa halikai mgongoni mwa punda, kwa hiyo punda hapiti. Mama Kanga alifika alfajiri na Punda wake, na swali lake lilelile, akageuzwa. Akaambiwa alipie fungu katika Duma wa kijiji. Hakuwa na akiba. Aliuza mbegu, viazi vilivyokuwa vimechipua tayari kwa kupandwa, na kila mkulima wa Kanama anajua kuuza mbegu ni kuuza msimu unaokuja.

Hapo ndipo naomba kusimama kidogo, maana hekaya hii sikuitunga kwa ajili ya kuchekesha watoto. Nimewaona akina Mama Kanga. Ni mwalimu ambaye kompyuta yake iliandika mitihani vizuri kwa miaka, kisha ikawa nzito mpaka kufungua ukurasa mmoja ni kungoja kiduara kinachozunguka; fundi akamwambia dawa ni mashine mpya. Ni kijana wa kibanda cha huduma, anayejaza fomu za wananchi kwenye Irembo, tovuti ya huduma za serikali iliyoanza mwaka 2015, na anayeambiwa kila baada ya muda kwamba simu au kompyuta yake imepitwa. Wanatoa fedha ya mbegu. Wanapata mwaka mmoja wa wepesi. Kisha wanarudi palepale. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu katika nyumba za huku fedha hiyo ilikuwa na kazi nyingine.

Turudi barazani. Mama Kanga alisimama mbele ya Mzee Chui, akapiga goti kidogo kwa heshima, akasema: "Mzee wangu, sikuja kulalamika juu ya Duma. Nimekuja kuuliza. Saa zile zinakwenda wapi?"

Fisi akajibu kwa haraka kwamba saa zinakwenda kwa sababu Duma huyu ni wa mwaka jana. Kobe, ambaye hupewa nafasi ya mwisho kwa sababu ya umri, akasema, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mimi sijamwona mnyama wa Fisi akikimbia mahali pengine isipokuwa sakafuni."

Baraza likamtuma Bakame, yule sungura wa hadithi zetu za Rwanda, afuatane na Duma kwa siku moja na kuandika. Bakame hakuwa na kasi ya kumfuata, kwa hiyo aliweka watoto wake njiani, mmoja kila kona, na kila mmoja akatazama jua na kukata alama kwenye kijiti. Jioni akavileta vijiti barazani, akavipanga chini kwenye vumbi.

Safari nzima ilichukua dakika 360, saa sita kamili. Mbio zenyewe, kwenda na kurudi, zilikuwa dakika 60. Darajani Duma alingoja dakika 150, kwa sababu gunia lilikuwa pana kuliko ubao na kila alipovuka ilibidi alipitishe upande upande. Dakika 150 zilizobaki zilikwenda katika kufunga gunia, kulikagua, kulifungua kwenye mzani, kuonjesha pombe, kuandika daftari, kulifunga tena.

"Sasa," Bakame akasema, "tumnunue mnyama mwenye kasi mara mbili ya Duma. Dakika 60 zitakuwa 30. Jibu litafika saa tano na nusu. Tumnunue mnyama anayefika kabla hajaondoka, asiyetumia hata dakika moja njiani. Litafika saa tano. Hata tukiuza kilima chote, Fisi hawezi kutuuzia zaidi ya saa moja."

Hesabu ya Bakame si ya kijijini tu. Mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, aliieleza mwaka 1967 mbele ya wenzake waliokuwa wakitamani kuunganisha vichakataji vingi vifanye kazi moja: sehemu ya kazi usiyoiharakisha ndiyo inayoweka mpaka wa faida yote. Kuanzia mwaka 2005, kampuni zilipoona haziwezi tena kuongeza mwendo wa kichakataji bila kukichoma kwa joto, zilianza kuuza kompyuta za kawaida zenye viini viwili, kisha vinne, kisha vinane. Kwa anayekata filamu, anayetabiri hali ya hewa, au anayechambua mitetemo ya volkano ya Nyiragongo, viini hivyo ni baraka, maana kazi yake inagawanyika. Kwa anayeandika barua na kusoma habari, vingi vimelala kivulini pamoja na wale duma watatu.

Siku ile barazani alikuwapo mgeni, Korongo mweupe, aliyeshuka kwenye mashamba kuokota wadudu akiwa safarini kurudi Ulaya. Akaomba ruhusa ya kusema, Mzee Chui akampa.

"Nilikotoka," Korongo akasema, "binadamu wana mashine za kupeleka maneno, na wana Fisi wao. Mwaka 1965 mzee wao mmoja, Gordon Moore, aliona kwamba vijiswichi vinavyopangwa kwenye kipande kimoja cha silikoni vinaongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akasahihisha, akasema ni kila miaka miwili. Na ikawa hivyo kwa miongo. Lakini Zürich aliishi mwalimu, Niklaus Wirth, aliyebuni lugha ya Pascal. Mwaka 1995 aliandika kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa mwendo mkubwa kuliko ule ambao mashine zinazidi kuwa na kasi. Hakujivunia maneno hayo. Alisema aliyatoa kwa mwenzake, Martin Reiser. Mwalimu huyo alifariki siku ya kwanza ya mwaka 2024."

Nyani wa kwanza akainuka. "Mgeni anatusema sisi?"

"Nasema nilichosikia," Korongo akajibu. "Mwaka uleule wa 1995 ilitoka Windows 95, iliyohitaji kumbukumbu ya megabaiti 4 ili iwake. Mwaka 2021 ikatoka Windows 11, inayohitaji gigabaiti 4. Ni zaidi ya mara elfu moja. Barua anayoiandika karani haikurefuka mara elfu moja."

Baraza likanyamaza. Mzee Chui akaamuru gunia lipelekwe Mahoko na kupimwa kwenye mzani wa viazi, mbele ya wote.

Walishuka asubuhi iliyofuata, ukungu bado uko bondeni na Sebeya ikiwa rangi ya udongo kama kawaida yake ya masika. Gunia lilitundikwa kwenye ndoano. Mwenye mzani akatoa kitu kimoja kimoja, akikisoma kwa sauti. Vibuyu vya pombe. Kioo. Kioo kingine, kwa sababu Nyani aliyekuja baadaye hakujua kwamba kioo kipo. Bahasha ya maua ndani ya bahasha ya maua ndani ya bahasha ya maua. Daftari, na nakala ya daftari. Ngoma. Kufuli. Kamba za kufungia kamba. Kichwa cha farasi cha mbao, ambacho hakuna aliyekumbuka kilitiwa kwa nini. Nyani mmoja akasema kilitiwa zamani za Farasi na kila aliyefuata aliogopa kukitoa, asije akavunja kitu. Chini kabisa, katika pembe ya gunia, kilipatikana kikaratasi cha Mama Kanga: Kinigi leo ni bei gani? Mwenye mzani akakiweka kwenye sahani. Mshale haukusogea.

Mafundi wa programu wanakijua kile kichwa cha farasi. Sehemu kubwa ya uzito wa kompyuta zetu si ujeuri wa mtu. Ni mabaki: kipande kilichotiwa kwa haja ya siku moja, kikajengewa juu yake, kikaachwa kwa hofu. Mafundi hao huandika programu na kuzijaribu kwenye mashine mpya, ofisini, karibu na intaneti ya kasi. Hawakusimama kamwe darajani na mvua.

Na ushahidi kwamba inawezekana kubeba kidogo uko mikononi mwetu kila siku. Mama mwenye simu ya kitochi pale Mahoko anabonyeza *182#, anatuma fedha, anapata jibu, anarudisha simu kwenye kitenge chake. Ujumbe wa njia hiyo hauzidi herufi 182. Haujali simu yako ni ya mwaka gani. Katika bonde ambalo usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 Sebeya ilivunja kingo zake, na mafuriko na maporomoko ya siku hiyo yakaua zaidi ya watu 130 nchini, nathamini sana neno fupi linaloweza kufika kwenye simu yoyote. Tahadhari ya mto haihitaji maua.

Barazani palizuka ubishi wa kweli, na naupenda kuliko sehemu nyingine zote za kisa hiki. Vijana walitaka gunia lichomwe lote. Hapo Fuko, asiyeona, akasema: "Ngoma iacheni. Ninyi mnamwona tarishi akija, mimi namsikia." Na Bata akasema kufuli nayo ibaki, kwa sababu zamani za Punda madalali walimsimamisha njiani na kumtoa siri ya nani ana haraka ya kuuza. Walikuwa na haki. Si kila uzito ni upuuzi. Kufuli inayowalinda watu inapobebwa, inabebwa kwa halali. Ilibidi kila kitu kiulizwe kinamsaidia nani, kimoja kimoja, na ilichukua siku nzima, na Nyani wawili walilia.

Ngoma ikabaki kwa wanaoihitaji, kufuli kwa wote. Daftari likatolewa kwa kura, ingawa Nyani wa tano alisema bila daftari baraza halitajua lolote, na Mama Kanga akamwuliza, "Mwanangu, ulitaka kujua nini ambacho ungekuja kuniuliza nisikwambie?" Pombe ikarudishwa kwa shemeji. Fedha zilizotengwa kwa mnyama mpya zikanunua ubao wa pili wa daraja. Anayetengeneza kompyuta atakwambia jambo kama hilo: mashine ya zamani yenye diski inayozunguka, ukiitolea diski hiyo na kuiwekea ya SSD, hufufuka kuliko wengi wanavyotarajia, na kichakataji ni kilekile. Ilikuwa ikingoja, na kungoja kumepunguzwa.

Kisha wakaandika sheria moja: Nyani atakayetaka kuongeza kitu gunilini atakibeba yeye mwenyewe kwanza, kutoka Kanama hadi Mahoko na kurudi, siku ya mvua.

Asubuhi iliyofuata Duma, yuleyule wa zamani, aliondoka saa kumi na mbili. Saa mbili haijatimia alikuwa amerudi. Wanyama walimtazama kama hawajawahi kumwona. Kasi waliyokwisha kuilipia miaka yote ilikuwa imefukiwa ndani ya gunia. Na Punda aliporuhusiwa tena kupita, kwa mbao mbili na gunia dogo, alikuwa uani kwa Mama Kanga kabla ya saa tano, mapema kuliko siku yoyote ya ujana wake.

Hapa nikumbushe kwamba huku kwa binadamu Punda hajaruhusiwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida yake, na kompyuta nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hazikukubaliwa na Windows 11 kwa sababu ya umri wa kichakataji chao au kukosa kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kufuli, ndiyo, na kufuli ina maana yake. Lakini mzigo wa kufuli hiyo wamebebeshwa wenye mashine nzima ambazo hazijachakaa, na miongoni mwao zimo shule na ofisi ndogo za nchi kama zetu, ambako kompyuta huja ikiwa imekwisha kutumika kwingine.

Masika yaliyofuata Fisi alipanda Kanama na mnyama mpya, amemfunika shuka ili watu washangae. Akaomba uwanja wa mpira ufagiliwe. Mama Kanga akamletea gunia, lile dogo, lenye kufuli na ngoma na swali moja. "Karibu, Bwana Fisi," akasema. "Leo mvua imenyesha, njia ya shambani kwangu ina utelezi, na darajani wapo watu. Mvishe hili kwanza, apite hapo. Sisi tutangoja na vijiti vyetu."

Fisi akautazama mteremko. Akalitazama gunia, akauliza kama hawana jingine, zito kidogo. Akaambiwa hawana. Akafunga shuka lake vizuri, akashika kamba, akateremka na mnyama wake kuelekea Rugerero, alikosikia kuna uwanja tambarare.